Karatasi Moja kwa Mashine Zote

Mpaka leo nikikuta karatasi yenye muhuri imebandikwa ukutani, naisoma kwa ugomvi. Nina sababu. Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa fundi katika karakana moja ya Mbeya mjini, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja. Tulitunza mashine za vijiji za kusaga na kukoboa nafaka, kuanzia Usangu mpaka Iringa. Wenzangu walipenda kuniuliza kama nitaolewa na spana. Niliwajibu kwamba spana angalau haiulizi maswali ya kijinga.

Mashine zile hazikufanana. Nyingine ziliachwa na walowezi, nyingine zilitoka misheni, nyingine zilikuja kwa meli na hakuna aliyejua zilitoka nchi gani. Kila kijiji kilikuwa na namna yake ya kuwasha injini, na barua za malalamiko zilijaa mezani kwa Mkuu wetu wa karakana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda sana kanuni.

Basi akaenda Kalenga, kwenye mashine mpya ya mahindi isiyosumbua, akakaa na mwendesha mashine wa pale siku mbili akiandika kila alichofanya. Akarudi na kanuni kumi na mbili. Zikapigwa taipu kwenye stensili, zikachapwa, zikagongwa muhuri.

"Kabandike kila kijiji," akaniambia. "Sitaki tena kila mtu na mtindo wake."

Injini ya Kalenga ilipozwa kwa maji, ikiwa na tangi lake kubwa pembeni. Kwa hiyo kanuni ya tatu ilisema: Jaza maji mpaka juu kabla ya kuwasha.

Nilifika Ubaruku nikiwa na haraka. Nilikuwa nimeomba lifti kwenye lori la mpunga na dereva alikuwa anapiga honi. Mashine ya kukoboa ya pale iliendeshwa na mwanamume mmoja aliyehamia kutoka Usukumani na mke, watoto na ng'ombe wake. Injini ile alijifunza mwenyewe, kwa kuisikiliza na kuigusa, na kwa misimu miwili haikuzima hata siku moja. Nilibandika karatasi mlangoni, kwa nje. Akaisoma polepole kwa kidole.

"Dada fundi, haya maji yanaingia wapi? Hii ya kwangu haina tangi."

Sikuingia hata ndani kuitazama. "Wewe kaka fuata karatasi tu," nikasema. "Si unaona ina muhuri?"

Wiki iliyofuata taarifa ikaja kwamba mashine imekufa. Yule bwana alitafuta mahali pa kutia maji, na ukiacha tundu la dizeli, tundu lenye kifuniko lilikuwa moja tu, la oili. Akajaza mpaka juu kama alivyoagizwa. Nilipoifungua injini, oili ilikuwa nyeupe kama maziwa ya mgando na beringi za mhimili zilikuwa zimesagika. Nje wanawake walikuwa wanajitwisha tena madebe yao ya mpunga kwenda kutwanga kwa vinu.

Mwenyekiti wa kijiji na Mkuu wetu walikuwa wameshakubaliana: ni hujuma. Miaka ile neno hilo halikuwa la mchezo. Yule bwana angefukuzwa kijijini na familia yake na mifugo yake, na hakuna kijiji kingine ambacho kingempokea. Ripoti ilikuwa tayari. Ilibaki saini ya fundi aliyekagua, yaani mimi.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia tupu. Nilitegemea anitukane, na ningemwelewa.

"Nilijua haihitaji maji," akasema. "Nimeiendesha misimu miwili bila tone. Lakini mimi hapa ni mtu wa kuja, dada. Nikikataa karatasi ya serikali wanasema mkaidi. Nikafikiri labda ninyi mafundi mnajua kitu nisichokijua."

Aibu ilinishika mpaka nikashindwa kumtazama. Halafu nikapandwa na hasira, na ile haikushuka njia nzima mpaka Mbeya.

Mkuu aliitisha kikao pale pale karakana, mwenyekiti wa kijiji akiwepo. Akanisogezea ripoti na kalamu. Nikamwambia sisaini.

"Kwa nini?"

"Karatasi yetu ndiyo iliyoua mashine. Na mimi ndiye niliyemlazimisha aifuate."

"Kanuni ni moja kwa mashine zote," akasema. "Kalenga wanazifuata na mashine yao inanguruma. Tatizo ni mtu."

Nilinyanyuka. Nikachukua ndoo, nikaijaza bombani, nikaenda nayo kwenye jenereta ya karakana, ambayo Mkuu aliipenda kuliko gari lake. Injini yake ilipozwa kwa upepo, ndugu wa ile ya Ubaruku. Wote wakanifuata. Nikafungua kifuniko cha oili, nikatoa karatasi ya kanuni mfukoni na kuanza kusoma kwa sauti. Kanuni ya kwanza, futa vumbi. Nikafuta kwa mkono wa ovaroli. Ya pili, angalia dizeli. Nikaangalia. Ya tatu, jaza maji mpaka juu. Nikainua ndoo.

"We! Acha! Hiyo haina tangi!"

"Karatasi haisemi hivyo, Mkuu."

"Mpaka iseme? Si unaona kwa macho yako?"

"Hata yeye aliona kwa macho yake. Akauliza. Nikamwambia afuate muhuri wako."

Wenzangu walidhani ni maigizo. Wapi! Ningemwaga, Mungu ananiona. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyesogea kwanza. Aliuliza kwa upole kama karatasi niliyoishika ndiyo ile ile iliyoko mlangoni kwake. Nikampa aitazame mwenyewe. Mkuu akaichana ripoti, kisha akaniandikia barua ya onyo kwa utovu wa adabu kazini. Nikaipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Tuliitengeneza injini kwa vipuri vya mashine mbili zilizokufa, mimi na yule bwana, siku tisa. Nikatunga karatasi mpya. Juu niliweka machache yanayofaa injini yoyote: futa vumbi, pima oili, nguo zisikaribie mkanda. Nusu ya chini niliiacha tupu, ijazwe na yule anayeiendesha mashine yenyewe. Mkuu alinung'unika kwamba sasa kila mtu ataandika lake. Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Akagonga muhuri bila kunitazama.

Ya Ubaruku tuliibandika ndani, juu ya injini. Yule bwana aliomba kalamu, akaandika taratibu: Mashine hii haina tangi la maji. Usitafute. Ukiwa na swali, niulize mimi. Chini yake akaweka jina lake lote, kwa herufi kubwa kuliko za muhuri.