Pazia la Rangi ya Chungwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili nilikuwa na cheo nyumbani: mlinzi wa pazia. Lilikuwa pazia zito la rangi ya chungwa kwenye dirisha la chumba chetu cha kupanga, Sokon I mjini Arusha, na amri niliyopewa ilikuwa fupi. Lisifunguke. Ndani alilala mdogo wangu, aliyekuwa amezaliwa wiki ile ile, na nje kulikuwa na dunia yenye macho.

Pazia lilikuwa la Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba wetu. Alikuwa mtu wa Pangani, alimfuata mume Arusha, mume akafa na yeye akabaki na nyumba yake na dawa zake. Mama yangu alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza mchungaji, na alikuwa na sababu. Kabla ya mtoto huyu alikuwepo mwingine, wa kiume. Alipelekwa kanisani mapema kwa shukrani, akina mama wakapokezana naye, wakamsifia mashavu, na kabla wiki haijaisha tukamzika kijijini Akheri, kwenye migomba ya bibi yangu mzaa baba. Nakumbuka sanduku lilivyokuwa dogo. Baba alilipakata magotini njia nzima, hakutaka mtu amsaidie.

"Jicho," alisema Bi Mwanaidi tuliporudi. "Mwana mzuri hatembezwi."

Bibi wa Akheri naye alikuwa na neno lake. Kwake yeye mtoto yule alikufa kwa sababu hakuonyeshwa mlima. Alizaliwa mwezi wa saba, wakati Meru imejifunika mawingu asubuhi mpaka jioni, na mtoto ambaye mlima haujamwona, mlima hauna habari naye. Akipotea, hauwezi kumrudisha. Mpaka leo sijui kama hiyo ni imani ya Wameru wote au ya ukoo wetu tu. Bibi alikuwa Mlutheri wa kwaya, na hakuona shida yoyote. Mungu ndiye aliyeuumba mlima, alisema, kwa hiyo wanafahamiana.

Basi kifo kilikuwa kimoja na wazee wawili wakakigawana. Kisha Mama akabeba mimba nyingine, na kujifungua kukaangukia mwezi wa saba tena.

Mara hii hakubahatisha. Alirudi kutoka hospitali amemfunika mtoto gubigubi, akaingia chumbani kukaa arobaini. Mtoto akafungwa uzi mweusi mkononi, akapakwa wanja kwenye paji la uso, na mimi nikapewa pazia langu.

Mchana jua kidogo likipenya lile pazia, chumba kilikuwa kama ndani ya papai. Shati langu jeupe la shule, lililoning'inia ukutani likingoja likizo iishe, lilikuwa na rangi ya siagi. Usiku ukiingia tuliwasha balbu ya zamani yenye mwanga wa njano, na papai letu likaendelea. Nikiingia tu jicho liligoma, lakini nikikaa kidogo ningeapa kwamba shati ni jeupe. Maajabu yalikuwa kutoka. Nikifika uani kila kitu kilikuwa na buluu kwa mbali: ukuta wa chokaa, mashuka kambani, hata viganja vyangu. Buluu hiyo ilikaa kidogo, kisha ikayeyuka. Nilikuwa nikiingia na kutoka makusudi niione tena.

Nilimweleza Bi Mwanaidi, akafurahi sana.

"Umeona? Dawa inafanya kazi. Ya nje siyo ya ndani."

Siku hizi najua kwamba jicho huuzoea mwanga liliopewa na kuusamehe rangi yake, kama mtu anavyozoea chumvi ya mpishi mmoja mpaka asiisikie tena. Linakuambia shati ni jeupe kwa sababu linajua shati huwa jeupe. Lakini mtoto mchanga huna unachojua juu yake. Hujawahi kumwona penginepo, kwa hiyo rangi yoyote utakayoonyeshwa unaipokea kuwa ndiyo yake.

Na sisi tuliipokea kwa mikono miwili. "Kachukua weupe wa Waarabu huyu," alisema Bi Mwanaidi, na Mama akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Akheri. Baba alikuwa dereva wa lori, wiki ile yuko njia ya Tunduma. Alipopiga simu kuuliza mtoto yukoje, Mama alimjibu kwa madaha, "Mweupe, Baba Naomi. Kama ndizi mbivu." Tena mtulivu. Halii ovyo. Anashika ziwa kidogo, anasinzia, analala. Mtoto wa heri, tulisema, hasumbui watu.

Kila sifa tuliyompa ilikuwa dalili.

Bibi alishuka kutoka Akheri na ndizi za mtori na maziwa kwenye dumu. Aliingia jioni, akamtazama mjukuu wake chini ya ile balbu, akasema ni mzuri. Kisha akauliza swali ambalo Mama alikuwa akiliogopa.

"Ameonyeshwa mlima?"

"Mama, naomba uniache," Mama akamwambia, taratibu, kwa sababu mkwe hapandishiwi sauti. "Yule mlimtoa. Huyu siwapi."

"Simpeleki kwa watu. Nampeleka kwa mlima."

"Kati ya mlango huu na mlima wako kuna madirisha ya watu," alisema Bi Mwanaidi aliyekuwa ameegemea mlangoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Bibi hakugomba. Kesho yake asubuhi nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, amejitanda blanketi, uso ameuelekeza kaskazini. Hakukuwa na mlima. Kulikuwa na ukungu na bati za majirani. Siku iliyofuata ilikuwa vile vile. Akaniita, akanishika sikio kwa upole.

"Wewe una macho ya kitoto, yanaona mbali. Ukiona kilele, niite. Usimwambie mtu."

Hivyo nikawa na vyeo viwili. Ndani nililinda mtoto asionekane, nje nililinda saa ya kuonekana kwake. Niliwapenda wazee wote wawili, na kila mmoja kwa njia yake alikuwa ameniambia kwamba uhai wa mdogo wangu umo mikononi mwangu. Sahani yangu niliirudisha jikoni vile vile ilivyokuja. Mama alidhani nina homa.

Asubuhi moja mtoto alilia, na hakikuwa kilio tulichokizoea. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Halafu akajinyoosha, mgongo ukakakamaa, shingo ikarudi nyuma. Bi Mwanaidi alikuja mbio, akaangalia pazia, akaniangalia mimi.

"Nani kalifungua?"

"Si mimi, Bi Mwanaidi. Wallahi si mimi," nilisema, mimi mtoto wa Kilutheri.

Akachoma ubani mpaka macho yakatuwasha. Mtoto akanyamaza, nasi tukashukuru kwamba amenyamaza. Maji ya kumkanda Mama yalikuwa yameshachemka na Bi Mwanaidi akasema wasiyaache yapoe, mwili ukilegea maziwa yatashuka, mtoto atanyonya, atapata nguvu. Wakaenda bafuni wote wawili. Nikabaki na mtoto na moshi.

Nilimwinamia nimsikilize. Alikuwa anapumua, lakini nilipomgusa kidole hakukishika kidole changu, na siku zote alikuwa akikishika. Nikatoka nje nipate hewa. Uani kulikuwa na ile buluu. Nikainua macho kama nilivyozoea, na juu ya mabati, mahali palipokuwa na ukungu tangu juzi, wingu lilikuwa limechanika na mlima umesimama pale, mkubwa, karibu, jua limeupiga ubavuni.

Bafuni nilisikia maji yakimwagwa na Bi Mwanaidi akimsomea Mama dua. Kama ningekaa kimya wingu lingefunga, na hakuna ambaye angejua. Sikuamua kwa busara, maana sikuwa nayo. Niliamua kwa sababu ya kile kidole.

"Bibi! Umefunguka!"

Sikuwahi kumwona Bibi akikimbia, si kabla wala baada ya siku ile. Aliingia chumbani na kutoka na mtoto kifuani, akaitupa pembeni shali nzito aliyofunikwa, akavuta shuka jeupe kambani akamfunga nalo. Akasimama katikati ya uwanja, juani, akamwinua kwa mikono miwili.

"Baba Mungu, mwone. Mlima, mwone. Huyu ni wetu."

Akamshusha ambusu. Hakumbusu.

Nami nilikuwa nimeona. Shuka lilikuwa jeupe kweli, jeupe la jua, na ndani yake alilala mtoto wa njano. Haikuwa ile njano tuliyoisifia. Ilikuwa njano ya kitu kilichoharibika, kuanzia paji la uso hadi nyayo.

"Nani amempaka mtoto binzari?" Bibi alipiga kelele. "Mwanaidi! Umempaka mjukuu wangu binzari?"

Alikuwa amesikia kwamba wanawake wa pwani hupaka bibi harusi binzari ang'ae, na kuhusu Bi Mwanaidi alikuwa tayari kuamini lolote. Akatemea mate pembe ya kanga yake, akasugua shavu la mtoto. Akaitazama kanga. Ilikuwa safi. Akasugua tena, kwa nguvu, analia sasa, na kanga ikabaki safi.

Bi Mwanaidi alitoka bafuni mikono inachuruzika, Mama nyuma yake kajifunga kanga kifuani. Nilijiandaa kwa kofi. Mdomo wa Bi Mwanaidi ulikuwa umeshafunguka kwa matusi, ukabaki wazi vile vile. Akapiga magoti. Kwa kidole gumba akainua kope la mtoto, na weupe wa jicho lake ulikuwa kama kiini cha yai.

"Ya Rabi," alisema. "Huyu si mweupe. Huyu mgonjwa."

Mama alitazama shuka, akatazama mtoto, akageuka kuutazama mlango wa chumba chetu. "Lakini ndani hakuwa hivi," alisema. Alirudia mara nyingi, hata baadaye tukiwa kwenye bajaji. Ndani hakuwa hivi.

Aliyembeba mtoto ni Bi Mwanaidi. Alimpokonya Bibi, akatoka naye getini bila shali, bila kitambaa cha uso, akashika njia ya kwenye bajaji katikati ya watu waliokuwa wakienda sokoni. Madirisha yote yale aliyoyaogopa yalikuwa wazi. Jirani mmoja akamwuliza kwa mshangao, "Bi Mwanaidi, mbona hujamfunika?"

"Tazameni!" alipiga ukelele, na huku anakimbia. "Mtazameni wote! Na mwenye kujua dawa aseme!"

Hospitalini, muuguzi hakuuliza hata jina. Alimchukua mtoto moja kwa moja hadi dirishani. Akambonyeza pua kwa kidole, akakiondoa, akatazama rangi ya ngozi. Kisha akatugeukia.

"Mlikuwa mnamwangalia kwenye mwanga gani?"

Daktari alipokuja alimwuliza Mama kama aliwahi kupoteza mtoto, Mama akaitikia kwa kichwa, naye akaandika. Damu ya mama na ya mtoto hazikupatana, alisema. Sio jicho, sio mlima. Wakambadilisha damu, wakamlaza chini ya taa za buluu, wakamfunga macho kwa kitambaa. Chini ya taa zile alionekana kama kijiwe cha mtoni, usingeweza kujua rangi yake hata kidogo. Kila walipotaka kumpima kwa macho walizizima kwanza, wakamsogeza dirishani.

"Kwa hiyo mwanga ndio dawa?" Bi Mwanaidi alimwuliza muuguzi.

"Ndiyo, Mama. Mwanga."

Akarudi kukaa kwenye benchi, akaitazama mikono yake. Bibi alikuwa ameshikilia chupa ya chai tangu asubuhi. Akammiminia, wakanywa kwa kikombe kimoja.

Mdogo wangu aliishi. Baba alimpa jina Elineema. Lakini si kila kitu kilirudi. Alipokuwa anajifunza kutembea tuligundua kwamba ukimwita hageuki, na daktari akatueleza kwamba ile njano iliufikia mshipa wa kusikia kabla sisi hatujafika hospitali. Bi Mwanaidi alilishusha pazia, akalikata vipande vya kupigia deki. Hakuacha dawa zake. Aliendelea kufunga watoto wa watu uzi mweusi mpaka alipofariki, ila kwanza aliwabeba hadi mlangoni, akawafunua, akawatazama juani. Mimi humsikitikia zaidi kuliko mtu yeyote katika kisa hiki. Aliogopa jicho maisha yake yote, kisha akaja kugundua kwamba mtoto alichokosa ni kutazamwa.

Leo Elineema ni mtu mzima. Tunaongea kwa mikono na midomo, kwa hiyo kwetu mwanga ndio sauti. Umeme ukikatika maongezi yanakatika nao, na yeye hunishika mkono akanivuta dirishani ili nimalize sentensi.

Mwezi wa saba uliopita nilijifungua, nikarudi nyumbani kwangu Kimandolu. Kliniki walikuwa wamenipima damu tangu mimba changa, wakanipa sindano ya kuzuia damu yangu isigombane na ya mtoto, wakanihakikishia. Hata hivyo sikulala. Elineema alikuja asubuhi, mlima umejifunika, mvua ya manyunyu. Hakunisalimu. Alivuta mapazia yote, moja baada ya jingine, akamtoa mwanangu mikononi mwangu, akamfunga kitambaa cheupe alichokuja nacho kwenye mkoba, akaenda naye dirishani akanipa mgongo.

Alikaa pale muda mrefu. Niliona kiwiko chake kikisogea: nyayo, pua, kope. Uso wake sikuuona. Nilimwita, "Elineema, vipi?" nikasahau kwamba hasikii. Nikamwita tena, hofu yote ya chumba cha chungwa imenirudia, niko kitandani siwezi kusimama, na yeye haniangalii.

Hatimaye aligeuka. Mikono yake ilikuwa imejaa mtoto, kwa hiyo alitumia sauti, ile sauti yake nzito ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia.

"Mweusi," alisema, machozi yanamtoka. "Mweusi mzuri. Kama Bibi."