Siku Walipokula Bugali Yake

Katika nyumba yetu ya Masisi tulipokea wanawake waliobakwa na watu wenye bunduki. Kazi yangu ilikuwa kupika, na kumsindikiza kwao yule aliyekuwa tayari kurudi. Mdomo wangu ni mkali, wote wanajua. Njiani tu ndipo niliponyamaza, maana vijana wa vizuizi vya barabarani walikuwa na mdomo kuliko mimi, na bunduki juu yake.

Mmoja alikuwa mama kijana wa Kibua. Walimkamata shambani, wakamweka msituni mpaka mimba ikaonekana, ndipo akatoroka. Kwetu alizaa mtoto wa kiume. Mwanzoni hakutaka hata kumtazama, tulimbeba sisi. Kisha asubuhi moja nilimkuta akimwogesha na kumwimbia kwa sauti ya chini, nikaenda kulia jikoni. Kwa hiyo mumewe alipotuma neno kupitia mfanyabiashara mmoja wa Butembo, kwamba arudi, watoto wao wanamlilia, wa kwanza kupiga vigelegele nilikuwa mimi.

Tulifika Kibua kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe wake alimwonyesha tu jiko. Katika nyumba ile hawakufukuzi kwa mdomo: wakikukataa, wanaacha chakula ulichopika kipoe. Yule mama kijana akapika bugali na sombe, majani ya muhogo. Mume akanawa mikono, akamega, akala. Mama mkwe naye akala, akaongeza. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mjinga mimi.

Mama mkwe alipomaliza akanigeukia.

"Mama, aksanti. Muke wetu abakie. Ile mutoto, utarudia naye kule mulitoka."

"Nirudie naye wapi? Mama yake njo huyu!"

"Baba yake iko mu pori. Miye siwezi kulisha mutoto wa pori."

Mume aliangalia vidole vyake. Nilichemka, nikawaambia maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi hata kuyajua. Yule mama kijana akaninyamazisha kwa mkono. Binti yake mkubwa alikuwa amemng'ang'ania mguu tangu tufike. Hata alipokuwa akisonga bugali hakumwachia.

Akakaa kizingitini, akamnyonyesha mtoto ziwa moja, kisha la pili, mpaka akasinzia. Akafungua kitenge chake, akamfunga mgongoni mwangu yeye mwenyewe, akakaza fundo.

"Mama, baridi isimupige," akasema. Akaingia ndani na binti yake.

Sikumlaumu siku ile, wala simlaumu leo. Nawalaumu wale wa msituni, halafu wale waliokula.

Mvua ilitukuta njiani, na dereva wa pikipiki hakuthubutu kusimama kwa kuogopa wenye bunduki. Mtoto akaamka. Akaanza kutafuta ziwa mgongoni mwangu, kwangu mimi niliyeishiwa maziwa zamani, akatafuta hivyo hivyo mpaka Masisi.