Mwaka Niliotaka Kulimaliza Deni la Chuo

Mwaka wa tisa wa kukatwa mshahara nilijiambia kwamba sasa basi. Nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Kila mwisho wa mwezi, kabla sijaugusa mshahara wangu, mkopo wa chuo ulikuwa umeshachukua kipande chake. Sikuwa na ugomvi na mkopo wenyewe. Bila huo nisingesoma. Baba alikuwa kuli wa bandarini na nyumbani tulikuwa watoto watano. Kilichonichosha ni kufanya kazi mwezi mzima nikimlipia msichana wa miaka ishirini niliyekuwa mimi zamani, aliyekuwa akisinzia darasani.

Hela nilizipata kwa kuuza kiwanja. Nilikinunua nje kabisa ya mji, nikakilipia kidogo kidogo, na nguvu ya kujenga haikuja. Jirani wa pale alipotaka kupanua uzio wake nikamwachia. Usiku huo nilipiga hesabu: zilitosha kulifuta deni lote na kunibakizia nauli za miezi miwili hivi.

Mwenzangu wa dawati la pili alisema nisifanye mchezo. Deni lile halinisumbui, linajikata lenyewe, kwa nini nitoe kwa mkupuo hela ninazoweza kuzizungusha? Mama mwenye nyumba, mtu wa Kilimanjaro aliyekuwa na duka la jumla la vyombo chini ya vyumba vyetu hapo Kariakoo, alikuwa upande wake. Akaniambia kuna nusu ya fremu ya duka mtaa wa pili inatafuta mpangaji. Nilikwenda kuiona saa ya chakula cha mchana. Upana wake ulikuwa wa godoro. Nilisimama mle huku wapita njia wakinipiga kikumbo na mizigo yao, nikajiona nafungua pale kila Jumamosi na Jumapili baada ya siku tano za ofisi. Nikachoka kabla sijaanza.

Aliyetaka nilipe ni baba peke yake. Alikuja kuishi nami mama alipofariki. Yeye ndiye aliyetia sahihi ya mdhamini kwenye fomu zangu, na sahihi ile haikumpa raha. Kila nilipoleta karatasi ya mshahara aliniomba nimsomee deni limefika wapi. Nikimtajia kilichobaki anauliza kama chai ipo.

Jumamosi moja asubuhi nilichapisha taarifa nzima ya mkopo kwenye duka la steshenari la jirani, nikapanda nayo juu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwekea karatasi mkononi.

"Angalia mwenyewe, baba. Jumatatu nakwenda kulimaliza."

Aliinama juu ya karatasi akachezesha midomo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nilisubiri aigeuze. Hakuigeuza.

"Baba, umeishika kichwa chini."

Akaigeuza taratibu, kisha akailaza mapajani.

"Hata hivi sioni, mwanangu. Tangu mwaka juzi."

Kisha akanieleza yote, uso ukiwa umeelekea dirishani. Alikuwa anaona ukungu tu. Ngazi za nyumba alikuwa anazihesabu. Swala ya alfajiri msikitini hakuiacha kwa sababu ya magoti kama alivyoniambia. Aliogopa kugongwa na mkokoteni kwenye giza. Kuna siku walikuja madaktari viwanja vya Mnazi Mmoja kupima watu bure, naye akajipeleka, akaambiwa ni mtoto wa jicho, hutolewa kwa upasuaji. Akarudi nyumbani akanyamaza. Nilimuuliza kwa nini.

"Ungezimalizia kwangu hela zako, deni likabaki pale pale. Nimekudhamini mimi. Sikutaka nife nalo."

Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilikasirika, hasira ya mtu aliyechoka, isiyokuwa na sauti. Nilimkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mimi. Mwanaume aliyekuwa akisoma gazeti la jana mpaka matangazo ya vifo, miaka miwili ananiomba nimsomee karatasi, nami sikuwahi kujiuliza. Nilitoka nje kwenye korido nikaanua nguo, nikazikunja moja moja mpaka nikaweza kurudi ndani.

Jumatatu sikwenda kulipa mkopo. Nilimpeleka hospitali ya macho. Bima ya ofisi haikumfikia, kwa hiyo kila kitu kilikuwa cha kulipia mfukoni. Pale kwenye foleni alinibishia kwa sauti ya chini, watu wasisikie, kwamba atibiwe jicho moja na zinazobaki ziende kwenye deni. Nilimkubalia ili anyamaze, nikafika dirishani nikalipia yote mawili.

La kwanza lilikwenda vizuri. Siku ya la pili mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha, Jangwani maji yamefunika barabara, ikabidi tuzunguke mbali. Tulifika tumechelewa na kulowana. Njia nzima alikuwa anayatazama yale maji kwa jicho lake jipya. Wiki zilizofuata nilimtia dawa ya matone mara nne kwa siku. Mchana nilikuwa natoka ofisini mbio, namtia, narudi mbio, na bado alilalamika kwamba namtia vibaya.

Hela zilizobaki nilizipeleka kwenye mkopo, zikapunguza miezi kadhaa tu. Mwenzangu wa ofisini alisema sikulipa wala sikuzungusha, na ni kweli. Fremu ile ikachukuliwa na mtu mwingine, nikashusha pumzi.

Mpaka leo naendelea kukatwa. Kazi ikidumu, bado kama miaka mitatu. Baba siku hizi anashuka mwenyewe kubishana mpira na wazee wenzake. Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni, akanitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Hivi wewe umezeeka lini?"

Nikamwambia nimezeeka mbele yake hapa hapa. Hakucheka. Aliinuka akasema nikajilaze, chakula cha leo atapika yeye. Nilitaka kumwambia aangalie gesi, lakini nilikuwa nimeshaegemea mto, na viatu viko miguuni.