Ukuta wa Mkwe

Nilinyanyua mkono. Ningepewa nafasi ya kulirudia jambo moja tu maishani, ningeuacha mkono ule ulale pale mezani, kando ya miwani yangu.

Tulikuwa watu watano kwenye kamati ya ufuo ya mji wetu mdogo, mwendo wa nusu saa kutoka Garland, pembeni mwa Dallas. Wawili walikuwa wameshakubali, wawili wamekataa, na mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini, akanigeukia mimi. Mbele yetu palikuwa na ombi la kujenga ukuta wa zege, wa wima, kwenye ukingo wa ziwa, na gati ya mbao mbele yake. Mwombaji alikuwa mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu. Aliyepinga alikuwa jirani yangu, muuguzi, ambaye kiwanja chake kilipakana na hicho.

Nikanyanyua mkono, ombi likapita.

Kwenye kamati niliingia kwa sababu nilikuwa na wakati. Nilikuwa nimeendesha teksi za uwanja wa ndege kwa miaka mingi, mgongo ukakataa, nikastaafu. Mji ulitaka wakazi wa kujitolea, na nyumba yangu haigusi maji, iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sikuwa na ufuo wangu wa kuutetea. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, Mombasa, lakini karatasi nilizisoma zote. Wenzangu walikuja na kahawa. Mimi nilikuja nimepiga mistari chini ya maneno. Wakanipenda kwa hilo, nami nikajipenda.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Huyu anataka gati ndefu kuliko ya mwenziwe. Yule anataka kulipaka paa la gati rangi ya zambarau. Lakini kuta za ufuo zilikuwa na uzito wake, na mhandisi wa mji alitufundisha mapema kwamba wimbi halifi kwa kugongwa. Likikuta mteremko wa mawe au matete, huchoka, likatulia. Likikuta ukuta wa wima hurudi na nguvu zake zote, na mahali ukuta unapokoma ndipo linapokula. Anayeliwa siyo mwenye ukuta, ni wa pembeni yake.

Hayo nilikuwa nayajua. Nayasema mapema ili asije mtu akanitetea.

Yule jirani yangu ni Mkenya wa bara, Mkristo, mjane. Alinunua nyumba yake kwa kufanya zamu mbili hospitalini Dallas, akawasomesha watoto humo humo. Mke wangu alipougua figo, miezi yake ya mwisho, huyu mama alikuwa akitoka zamu anapita kwetu kabla hajaenda kwake kuvua viatu. Alimgeuza kitandani, akamchana nywele, akamkemea asipokula. Hakuwa ndugu, wala hatukuwa wa dini moja. Lakini katika wote waliomhudumia marehemu, mkono alioutaka mwenyewe ulikuwa wa huyu.

Nilipobaki mgane, nikawa kila alasiri navuka barabara na chupa ya chai ya tangawizi. Alikuwa na viti viwili vya plastiki chini ya mti wa pekani, mti mkubwa wa kokwa za kula, hatua chache kutoka majini. Tunakaa tunatazama bata.

"Jirani, hii chai yako leo imekuwa kali, kwani unataka kuniua?" ananiambia.

"Tangawizi ni dawa."

"Mimi ndiye muuguzi hapa. Dawa natoa mimi. Hiyo kikombe yako pia ina nyufa."

"Hicho kikombe. Chako. Kina nyufa."

"Ona sasa! Mtu anasaidiwa kuona kikombe imepasuka, anatoa mtihani."

Tulicheka mambo ya namna hiyo, kila siku yale yale. Alikuwa amebakisha miaka michache astaafu. "Mimi hapa ndipo nitazeekea," alisema mara nyingi. "Sirudi nyumbani, sihamii kwa mtoto. Mtu akinitaka anitafute chini ya huu mti."

Kisha mkwe wangu akanunua nyumba ya pembeni yake. Mkwe ni Mzanzibari, mfanyabiashara wa Houston, mtu mkarimu, mcheshi, mwenye kujua kuvaa. Nyumba ilikuwa ya mapumziko, ya wikiendi. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba ufuo wake ni udongo na matete, na kwa macho yake hilo lilikuwa kama kukaribisha wageni ukiwa na shati lililotoka vifungo.

Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, alikuja kwangu yeye na kaka zake wawili. Wote watatu wamevaa kanzu na kofia, wameleta halwa kwenye sahani iliyofunikwa. Nilipofungua mlango nikajua. Nilikuwa nimevaa vivyo hivyo, na kaka zangu vivyo hivyo, siku tuliyokwenda kwao Houston kumposea mwanangu. Walinijia kwa heshima ile ile tuliyowaendea sisi.

Saa nzima hatukugusa jambo. Tuliulizana afya, tukawataja wagonjwa, tukawarehemu waliokufa. Mkubwa wao ndiye aliyeanza.

"Sheikh, sisi hatukuja kuomba kitu. Tumekuja kukujulia hali tu."

"Nashukuru, bwana. Hali ni hii mnayoiona."

"Tumesikia lakini upo kwenye kiti huko mjini. Tukasema, alhamdulillahi, na sisi tuna mtu."

"Kiti cha plastiki, sheikh. Hata mto hakina."

Wakacheka. Mkwe mwenyewe hakuwa amesema neno. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, mwenye haja hunyamaza, wenziwe humsemea. Nikajitahidi kumgeukia yeye.

"Mkwe, mhandisi anashauri mawe. Yamwagwe kwa mteremko, matete yaachwe. Ombi la hivyo litapita bila maneno."

Akaweka mkono kifuani. "Mawe ya kumwaga? Kama mtu aliyeishiwa katikati ya ujenzi? Wallahi, baba, mimi sijitafutii fahari. Gati ile ni ya wajukuu zetu. Wako na wangu. Wakae pale wavue samaki, waseme, hapa babu zetu wawili walituwekea kitu."

Kaka mkubwa akamalizia. "Hakuna la zaidi. Kula halwa, sheikh, itapoa."

Halwa ilikuwa imepoa tangu Houston. Nikala.

Kwetu kuna jambo linaitwa muhali. Kuona muhali ni kushindwa kumkatalia mtu usoni, si kwa woga, ila kwa sababu amekuja, ameketi, amekula kwako, na neno hapana lingemvua nguo mbele yako. Tumelelewa kuliona kuwa ni ungwana, na mara nyingi ndivyo lilivyo. Mambo mengi mema maishani mwangu nimetendewa na watu walioona muhali. Sikukubali siku ile. Nilisema tu, "Inshallah, heri." Wote watatu wakainuka wameridhika, kwa kuwa walijua maana yake, nami nilijua kwamba wanajua.

Mwanangu akapiga simu kutoka Richardson, anakoishi, jioni yake. "Baba, usi-stress bwana. Ni gati tu."

"Na ukuta."

"Baba, please. Ni babake mke wangu."

Sasa nifike penye aibu yenyewe. Kanuni ya kamati ilikuwa wazi: mjumbe mwenye undugu na mwombaji, wa damu au wa ndoa, aseme, kisha atoke ukumbini. Niliisoma, niliipigia mstari. Na kura zikilingana, ombi huanguka. Yaani mlango ulikuwepo wa kutokea bila kumkatalia mtu. Ningesema sentensi moja, nikatoka nje nikakaa kwenye gari, na ombi lingeanguka bila mimi. Ningerudi kwa mkwe nikamwambia, sheria imenitoa, bwana, nifanyeje. Muhali ungebaki salama na ufuo ungebaki salama.

Mwenyekiti aliuliza, kama alivyouliza kila kikao, kama kuna yeyote mwenye uhusiano na mwombaji. Nikafuta miwani. Nilijiambia mkwe si damu. Nilijiambia nikitoka watadhani nimemkimbia. Swali likapita.

Jirani yangu akasimama na sare yake ya kazini, alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Alipewa dakika tatu. Alionyesha picha za ukingo wake, za mti, za umbali kutoka ukingoni hadi mlango wake wa nyuma. Hakulia wala hakumsema mtu vibaya. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza.

Akanitazama. Huyu mama alikuwepo kwenye harusi ya mwanangu. Alikaa meza ya akina mama wa upande wa bibi harusi, akaomba biriani mara ya pili. Alimjua mkwe wangu kwa uso na kwa jina. Neno moja lingenitoa kwenye kile kiti, na kura ingeanguka upande wake.

"Hapana," akasema. "Ni hayo tu."

Akaketi. Mkono wangu ukapanda.

Ukuta ulijengwa kabla ya baridi. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo, mweupe, umenyooka kama rula. Mimi niliendelea kuvuka barabara na chupa ya chai, naye aliendelea kunipokea. Hatukuutaja. Upepo wa kaskazini ulipoanza, maji yalikuwa yanapiga zege na kuruka, kisha yanakimbia pembeni, upande wake. Matete yaling'oka kwanza. Halafu udongo ukaanza kumeguka vipande vipande, mtu unausikia ukitumbukia huku unakunywa chai. Tulisogeza viti nyuma. Baada ya mwezi tukasogeza tena.

"Bata wamehama," alisema siku moja. Basi.

Mkwe alipoona, aliona haya kweli. Alimwendea jirani yangu akajitolea kuurefusha ukuta hadi mwisho wa kiwanja chake, kwa gharama yake mwenyewe. Jirani alimkatalia pale pale, mimi nikiwa nimekaa.

"Asante sana, lakini hapana. Hiyo ukuta ikiisha kwangu, itaanza kula huyu mama Mvietinamu wa upande ule. Nimfanyie vile nimefanyiwa?"

Alisema kwa upole kabisa. Mkwe akatazama chini. Nikaona jinsi hapana inavyosemwa na mtu asivuliwe nguo.

Mwaka uliofuata jirani aliomba kibali cha mawe. Nilimpigia kura, wote tulimpigia. Lakini mawe yanahitaji mteremko, na mteremko ulikuwa umeshakwenda. Mhandisi alisema ukingo sasa uko karibu mno na nyumba, kazi imekuwa ya namna nyingine, kubwa, na iliyomzidi uwezo. Masika yake, katika dhoruba ya mchana, mti wa pekani ulilala majini taratibu, mizizi juu. Nilikuwa dirishani kwangu nikiuona. Ufa ukatokea kwenye baraza yake ya nyuma, kisha kwenye ukuta wa jikoni.

Nikajiuzulu kamati. Niliandika barua, nikakiri uhusiano wangu na mwombaji. Mwenyekiti alinijibu kwa adabu kwamba wamepokea. Ukuta haukutoka mahali pake kwa barua.

Jirani aliuza nyumba kwa mtu aliyeitaka kwa ajili ya kiwanja tu, akahamia Houston kwa binti yake. Siku ya kuondoka alinipungia mkono kutoka kwenye gari. Viti viwili aliniachia mimi.

Mwaka jana nilimfuata. Nilikuwa nimekwenda Houston kwa mwaliko wa mkwe, nikampigia jirani simu kumwomba anwani, akanipa. Wanaishi ghorofa ya pili. Dirisha la chumba chake linatazama maegesho. Binti yake alikuwa kazini. Alinitengea chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani.

"Karibu, mzee. Safari ilikuwaje?"

Miaka yote alikuwa akiniita jirani. Nilijibu safari ilikuwa njema. Tukaulizana afya. Nikaona nikiendelea hivyo nitaondoka kama nilivyokuja, nikamuuliza: siku ile ukumbini, kwa nini hakusema kwamba mwombaji ni mkwe wangu?

Alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Nikuumbue mbele ya watu? Wewe, mtu mzima?" Akakiacha kikombe. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, mzee. Mpaka ukainua mkono, bado nilikuwa nangoja."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kitambo. Kunywa chai, inapoa."

Nilikunywa. Ilikuwa ya majani matupu, bila tangawizi, tamu, ya kumpa mgeni yeyote. Hakunikaribisha tena, nami sikuomba. Alinisindikiza hadi mlangoni, akasubiri niteremke ngazi, kama anavyofanyiwa mzee.

Gati ya mkwe bado ipo. Wajukuu walivua pale mara mbili. Wanasema, kwa Kiingereza chao, kwamba inawachosha.

Kura yangu ilimnyima jirani yangu nyumba aliyotaka kuzeekea. Mimi ilininyima yeye, na yeye ndiye mtu pekee niliyekuwa na mlango wake wa kugonga. Amenisamehe, na hanihitaji. Chai ya alasiri nakunywa peke yangu.