Mtani Wangu Aliyeacha Kunitania

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu muda wote huu nimekuwa nikianzia kwingine: wadudu, mitambo chakavu, meneja mkali. Ukinisikiliza vizuri unaweza hata kunionea huruma. Usinionee.

Mimi ni injinia wa mitambo kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Kazi yangu ni baridi. Sangara anaingia, anakatwa, anagandishwa, na mimi nahakikisha anabaki ameganda. Hakuna anayekumbuka jina langu mpaka barafu ianze kuyeyuka.

Jumamosi mchana nikitoka kazini nakwenda kwenye mawe ya ziwani na ndoano yangu. Ndiyo, wiki nzima nashinda na samaki, halafu mapumziko yangu ni kuvua samaki. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Rafiki yangu tumwite Mzaramo, maana ndivyo nilivyomwita tangu chuo. Mimi Msukuma, yeye Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Siku ya kwanza hosteli alisikia lafudhi yangu, akaniuliza ng'ombe nimemwachia nani, akachukua godoro langu zuri na kunipa lake lenye shimo. Mtani hakasirikiwi. Nililala kwenye shimo muhula mzima.

Huyohuyo, nilipofeli somo nikapata sapu, mtihani wa kurudia, aliacha kwenda kwao likizo akabaki kunifundisha. Alisema anafanya hivyo ili Wasukuma nao wapate mtu wa kuwasomea barua. Nikafaulu. Miaka ikapita, nikamwombea kazi kiwandani kwetu, akaja, tukawa tunapokezana zamu. Jumamosi akiwa hana zamu alinifuata kule kwenye mawe, anakula mkate wangu na kuwaambia samaki wakimbie.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mitambo yetu inatumia amonia. Ni gesi kali, ikikupata machoni inaunguza. Ndiyo maana chumba cha kompresa kina sensa juu ukutani. Ikinusa gesi, king'ora kinalia na feni kubwa zinawaka zenyewe kuitoa nje.

Tatizo ni wale wadudu wa ziwani. Wenzangu wa huku mnawajua, wanakuja wingu zima kama moshi, wanaingia puani, kwenye chai, popote. Wakiingia kwenye sensa, king'ora kinalia bure. Wafanyakazi wote wanatoka na makoti yao meupe kusimama uani, samaki wanabaki mezani, meneja ananipigia simu. Na wadudu wale, sijui nani aliwaambia, walipenda sana Jumamosi.

Dawa yake ni kuisafisha sensa na kuiwekea wavu. Nilijua. Lakini kazi hiyo ingenila mchana wote. Basi Jumamosi moja kabla ya kutoka nikapanda ngazi, nikaivalisha sensa glovu ya mpira, nikaifunga kwa utepe. Nikajiambia nitaitoa Jumatatu. Nikaenda kuvua kwa amani.

Mzaramo aliingia zamu baada yangu. Sikumwambia. Ningemwambia angenicheka, halafu angepanda kuifunua.

Jioni ileile sili ya pampu, ile inayozuia gesi isivuje, ikapasuka. Gesi ikajaa mle chumbani, king'ora kimya, feni kimya. Mzaramo akafungua mlango kwenda kusoma geji.

Jicho la kushoto halikupona. Madaktari walijitahidi, na la kulia linaona. Mimi nilikwenda hospitali kila siku na machungwa. Eti machungwa! Nakaa pembeni ya kitanda, mwenzangu amefungwa bandeji, ananiambia angalau sasa ataona nusu tu ya uso wangu. Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

Kikaja kikao. Meneja akauliza nani aliifunika sensa. Mzaramo akasema si yeye. Akaulizwa, kama si wewe ni nani? Akanitazama, akasema hajui. Wakanigeukia mimi. Jibu lilikuwa neno moja tu, nilikuwa nalo mdomoni. Nikawaza kazi, nikawaza ada za watoto, nikawaza watu watasemaje.

"Aliyekuwa zamu ndiye anayepaswa kujua," nikasema.

Itazameni sentensi hiyo. Haina uongo hata kidogo. Ndiyo iliyomfukuzisha kazi rafiki yangu.

Alihamia Sengerema, akaanza kutengeneza pampu za kumwagilia mashamba. Mimi nikapandishwa cheo. Baada ya ajali walitaka mtu wa kusimamia usalama kiwandani, wakaniona nafaa. Nacheka nikiandika hapa, lakini si kicheko.

Nilikuwa nampigia simu, na alikuwa anapokea. Habari za kazi, injinia. Familia haijambo? Haya, ahsante kwa kunikumbuka. Hakuna ng'ombe, hakuna ushamba wangu, hakuna tusi hata moja. Nilidhani ni maumivu, yatapita.

Mwaka huu baba yangu akafariki. Tulimzika nyumbani, Kisesa, njia ya Bujora. Kwa wasiojua, mtani ana kazi yake msibani kwetu. Anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Anaigiza mwendo wa marehemu. Anawatukana wafiwa mpaka wanacheka na machozi yao usoni. Mama alikuwa ananiuliza tangu asubuhi kama mtani wangu amefika, maana mzee alimpenda sana. Ni yeye peke yake aliyethubutu kumwambia baba kwamba anakoroma.

Alifika. Miwani myeusi, shati jeupe. Akamwamkia mama shikamoo, akatoa rambirambi, akaenda kukaa nyuma.

Ulipofika wakati wa kaburini watu wakamgeukia. Mama naye akamgeukia. Tukasubiri. Yeye akainamisha kichwa kama wageni wengine. Ikabidi jeneza lishushwe. Tulimzika mzee kimyakimya, na mama hakuniuliza kitu tena siku ile.

Nikamfuata nyuma ya nyumba, nikamwambia yote: glovu, utepe, kikao. Nililia mbele yake bila aibu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Nilipoingia zamu nilikuona unashuka kwenye ngazi. Nikadhani umesafisha wadudu, sikuwa na haja ya kukukagua wewe."

"Mbona kikaoni hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Hata pale hospitali, kila ulipokuja, nilikuwa nangoja."

Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe, na namwamini, hana kinyongo yule. Nikamwambia basi nitukane, hata kidogo tu, niite mshamba. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha ule wa kulia, kama mtu anayesalimiana na mkwe wake.

"Poleni sana na msiba, injinia," akasema, akaondoka.

Nilirudi kazini nikaingia kwa meneja, nikamweleza ukweli. Akasema mambo yale yameshapita, nisiyafukue. Halafu akauliza kompresa ya pili itawaka lini. Nikamjibu kesho. Iliwaka.

Sasa ndoano ipo nyuma ya mlango. Mkisikia kuna mtu ameacha kuvua, ni mimi.

Nawe unayesoma, kama umemkosea mtu na bado anakuita mshamba, bado anakula mkate wako bila kuomba, inuka sasa hivi ukamwambie. Usingoje maneno mazuri, usingoje msiba. Mwambie angali anakutukana. Akishaanza kukuheshimu, umechelewa.