Peres na Miaka ya Joash

Mimi niliishia darasa la sita, lakini mtaa wetu mzima wa Kabiria sijaona wa kunishinda kwa maneno. Maneno hayo hayo nusura yampeleke mpwa wangu Joash gereza la wakubwa. Aliyemwokoa ni Peres, mama mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, mlezi katika mahabusu ya watoto alimofungiwa.

Joash alishikwa Kenyatta Market, akidaiwa kupora simu. Cheti cha kuzaliwa hana. Mpelelezi akaniuliza, "Huyu bado mtoto?"

"Mtoto?" Nikatoa kifua. "Afande, sisi ni Wabukusu! Huyu ametahiriwa, nikiwa nimesimama pale pale. Hata kope hakupepesa. Mwanaume kamili!"

Akaandika miaka kumi na minane. Ikaamuliwa Ijumaa kijana ahamishwe gereza la wakubwa.

Jumatano Peres akanipigia simu. "Mjomba, ulimwambia afande nini?"

Nikamsimulia, tena kwa madaha.

"Wewe! Hata mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Siku hizi si wanatahiriwa hata wa miaka kumi? Kijana analia humu, wewe unapiga kifua huko."

"Joash analia?"

"Analia kama mtoto, kwa sababu ni mtoto."

Nikamuuliza nifanye nini. Andika tarehe, haitokei mara nyingi.

Peres ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Anajua nani hagusi ugali akitoka kortini na nani analowesha godoro, na hamtajii mtu. Alhamisi, siku yake ya mapumziko, alichukua barua ya mkubwa wake, akaandamana na askari kumpeleka Joash hospitali kubwa ya Upper Hill akapimwe umri. Daktari akamkagua meno, akapiga picha mifupa ya mkono: miaka kumi na mitano.

Ijumaa hakimu akataka neno la familia. Nikasimama, mpwa wangu akinitazama.

"Mheshimiwa, nilikosea. Huyu ni mtoto."

Joash akainamisha kichwa kwa aibu. Kisha nikaona mabega yake yakilegea, akashusha pumzi. Akarudishwa kwa Peres, na baada ya miezi miwili akaachiliwa, awe chini ya uangalizi.

Dada yangu, mama yake Joash, alimpelekea Peres jogoo. Akamkataa, eti sheria ya kazi hairuhusu. Basi tukamla sisi, na firigisi, fungu la mwanaume, nikala mimi kama kawaida. Ila kabla ya kula niliomba, nikamtaja Peres kwa jina mpaka ugali ukapoa.