Kifaru Nilichokichora Mara Kumi na Moja

Kuna asubuhi moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Papa Major alipanda ile njia yetu ya miguu ya Cimpunda, inayomaliza pumzi hata za vijana, akafika mlangoni amelowa jasho, akauliza kabla ya kusalimu: "Shar yangu iko wapi?"

Wewe hukumjua. Alikuwa ofisa wa jeshi, na alipostaafu akaanza kusimulia redioni habari za vifaru vya vita, vile ambavyo sisi hapa tunaviita shar. Kila Jumamosi mchana wachuuzi wa soko la Kadutu walipandisha sauti za redio zao ili wamsikie. Waendesha pikipiki walimwita Papa Shar, naye alipunga mkono kama mwanamuziki. Alipoamua kuandika kitabu, alinichagua mimi nimchoree picha, mimi niliyejifundisha kuchora kwa kuiga vibao vya saluni. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikubali kwa sababu niliogopa kukataa.

Sura moja ya kitabu ilikosa maneno. Ilikuwa sura ya Papa Adjudant, mzee wa kijiji cha Miti aliyeendesha kifaru ujana wake wote. Papa Major alikuwa amemtembelea mara nne, na kila mara mzee alizungumza habari za maharage yake tu. Mwishowe alisema, "Nitaongea siku nitaona shar yangu tena." Lakini haikubaki picha ya kifaru chake hata moja. Na macho yake yalikuwa yanafifia. Binti yake alitutumia ujumbe kwamba mvua za msimu ule zikiisha, huenda baba yake asione hata sahani iliyo mbele yake. Kwa hiyo kilichongojewa ni mchoro wangu.

Nami niliwangojesha miezi mitatu. Sijitetei. Nilichora, nikaona bolti moja imekaa vibaya, nikaficha karatasi chini ya godoro. Nikachora tena, mnyororo ukaonekana umelegea, nikaficha. Papa Major alipopiga simu nilijibu, "Bado kidogo, papa." Sikuwa mvivu, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilichora hadi vidole vikauma, nikadhani kufanya kazi sana na kufanya kazi inayotakiwa ni kitu kimoja.

Asubuhi ile nilizitoa karatasi zote kumi na moja. Alizitandaza kitandani, akazitazama moja moja, kisha akaokota ya nne, yenye doa la chai.

"Hapana, papa! Ile iko mubaya."

"Njo ile ninataka. Vaa viatu, twende Miti."

"Leo?"

"Weye unangojea muzee apofuke ju umalize bolti?"

Nilivaa viatu.

Huko Miti, Papa Adjudant aliisogeza karatasi hadi karibu na pua, akasimama nayo mlangoni penye mwanga. Alipitisha kidole juu ya kila mstari, hata nikaanza kuhesabu kuku wa uani. Ghafla akajipiga paja.

"Nani alichora hii?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Ni miye, papa."

"Maman! Mulango ya shofere iko ku kushoto! Weye ulinitia ku kuume. Ku kuume kulikuwa masasi ya muzinga. Nilikuwa naikalia masasi kama kuku ju ya mayai?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo hapo nilijua kosa langu lilianzia wapi. Picha niliyoipata, ya kifaru kingine cha aina ile, niliinakili kwa kuibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, na niliibandika uso ukitazama nje. Kila kitu kikageuka, na zile kumi zilizofuata nilizichora kwa kuiga ile ya kwanza. Bolti zote nilizihesabu, na katika karatasi zote kumi na moja dereva ameketi juu ya masasi, yaani risasi za mzinga.

Kabla sijaomba radhi, mzee alikuwa amevuta kigoda, akaketi amekunja magoti, mikono imeshika vyuma viwili vya kuongozea visivyokuwepo. Akaanza kusema. Alisema habari za blanketi alilolikunja na kulikalia kwa kuwa alikuwa mfupi, za viazi vitamu walivyovichoma kwenye joto la injini, za rafiki yake mpakia risasi aliyeimba kwa sauti mbaya ili wote wawili wasiogope. Alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Papa Major aliandika bila kuinua kichwa. Binti wa mzee alisimama na ungo mkononi, akanong'ona, "Hii yote papa hakutuambiaka hata siku moja."

Tukirudi, Papa Major alisema, "Ule mulango niliuona tangu Cimpunda."

"Na ulinyamaza, papa?"

"Muzee wa jeshi ukimuuliza, ananyamaza. Ukikosea shar yake, hawezi tena kunyamaza."

Nilimkasirikia mpaka tulipoingia mjini, kisha nikashikwa na kicheko, naye akacheka. Kesho yake nilichora upya, kwa siku moja tu. Papa Adjudant aliuona mchoro mpya kabla mvua hazijaisha. Aliweka kidole kwenye mlango wa kushoto akasema, "Hapa. Hapa njo nilikuwa."

Mwanangu, mimi bado si mzee, lakini jana nilikuona ukifunika daftari kwa mkono ili mwalimu wako asilione. Wasiwasi huo ni wangu. Nimekurithisha pamoja na pua. Basi nisikilize. Fanya kazi yako vizuri, lakini ipeleke ingali na kasoro kwa mtu anayeijua, wakati bado yupo wa kuitazama. Kosa unalolihangaikia usiku na mchana mara nyingi si lile lililopo. Lililopo ataliona mwingine. Usingoje hofu iishe kwanza. Mimi hadi leo huogopa ninapokabidhi mchoro, na ninakabidhi hivyo hivyo.

Mungu akupe watu watakaokusahihisha huku wakicheka nawe, akupe na moyo wa kurudi kwao siku inayofuata. Ukue, mwanangu, ukiwa na amani.